Mama Moshi Anaiaga Mitungi

Ndugu zangu wapendwa, wafanyakazi wenzangu wa hospitali, na ninyi wastaafu mnaotumiwa kijarida hiki majumbani, nawasalimu nyote kwa jina la Mwenyezi Mungu. Hamjambo? Magoti yanawabeba? Presha imetulia, au bado inapanda na kushuka kama lifti yetu ya jengo la nyuma? Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunapumua. Wodi imejaa na vitanda havitoshi, lakini asubuhi tunaingia kazini na jioni tunatoka kwa miguu yetu wenyewe, na hilo si jambo dogo.

Kamati ya kijarida imeniomba niandike habari za mwenzetu anayestaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja, yote katika Idara ya Utafiti wa Saratani za Damu. Niliwaambia watafute waliosoma. Wakanijibu kwamba mimi ndiye niliyekaa dirisha la kupokelea sampuli, ukuta mmoja na chumba chake, na kama mimi simjui basi hajulikani. Nikakubali. Kalamu ikiteleza mtanisamehe.

Jina lake lipo kwenye faili la utumishi, lakini nikilitaja hapa mtaanza kuulizana ni nani huyo. Ni Mama Moshi. Jina hilo alipewa mwaka ule alipoletwa mlinzi mpya getini. Mlinzi alipita kwenye korido ya chini, akaona moshi mweupe unatambaa chini ya mlango. Alipiga kelele jengo zima likasikia: "Moto! Tokeni! Tokeni nje!" Akavunja kitasa, akaingia na ndoo ya mchanga. Akamkuta mama mfupi, amevaa glavu nene kama za mwoka mikate na miwani mikubwa ya plastiki, moshi unamfika magotini, naye anaimba wimbo wa ibada.

"Wewe mama, unaungua!"

"Ningekuwa naungua ningeimba? Funga huo mlango, unaniingizia joto."

Mlinzi yule naye hatukumwacha. Mpaka anahama tulikuwa tunamwita Zimamoto.

Kwa wale ambao hamjawahi kushuka kwetu, ngoja niwaeleze kazi yenyewe. Mgonjwa wa saratani ya damu akifika, daktari humchoma sindano nene kwenye mfupa wa nyonga na kuvuta uboho, ule ulaini wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Wa saratani ya tezi, zile za shingoni na kwapani zinazopigana na magonjwa, hukatwa kipande cha tezi iliyovimba. Sehemu kubwa inakwenda kupimwa ili atibiwe. Sehemu ndogo, mwenyewe akikubali na kutia sahihi, inabaki kwa ajili ya utafiti, na hiyo ndiyo inayoshuka kwa Mama Moshi. Anaitia kwenye kichupa kidogo kuliko kidole cha mwisho, halafu anakizamisha ndani ya mtungi wa chuma unaofika kifuani. Humo mna naitrojeni, sehemu ya hewa hii hii tunayovuta, imepozwa hata ikawa maji. Ni baridi ambayo barafu ya friji ni uji wa moto mbele yake. Chembechembe za mgonjwa hazifi humo, wala hazizeeki. Zinalala. Miaka inapita, mwenyewe amepona au amezikwa, na watafiti wakipata kipimo kipya wanaziamsha na kuziuliza: kwa nini dawa ilimsaidia huyu, na mwenzake wa kitanda cha pili haikumsaidia?

Sharti lake ni moja tu. Ile naitrojeni inapungua yenyewe kila siku inayokucha, inatoka kama moshi hata ukifunga mtungi namna gani. Isipoongezwa, chembechembe zinayeyuka, na zikiyeyuka hivyo ovyo zimekufa. Huwezi kuzirudisha, wala huwezi kwenda kuomba nyingine kaburini. Kwa hiyo mitungi haina sikukuu. Siku ya harusi ya binti yake, Mama Moshi alitoka ukumbini na gauni lake la kung'aa, akaja kuongeza naitrojeni, akarudi kabla keki haijakatwa. Mkwewe mpaka leo humtania kwamba siku ile alidhani ameoa kwenye ukoo wa walinzi wa zamu.

Kazi hii hakuiomba. Alianza kama mwosha vyombo vya maabara, akasomea cheti kidogo kidogo huku ana mimba. Mtungi wa kwanza ulipoletwa hakuna aliyejua uwekwe wapi. Bosi wa wakati ule akamwambia, "Utuangalizie kwa muda." Huo muda ndio unaokwisha tarehe thelathini. Baadaye ukaja mtungi wa pili. Wa kwanza tuliuita mtungi wa watoto, kwa sababu saratani ya damu, Mungu atusaidie, ilituletea watoto wengi. Wa pili tuliuita mtungi wa tezi.

Watu wengine hawakupenda mambo haya, na mimi mwenyewe, kama muumini, yalinisumbua. Iliwahi kuja familia nzima dirishani kwangu, wanamtaka baba yao. Walikuwa wamemzika mwaka uliotangulia, kisha wakasikia kwamba kipande chake kiko kwetu. Binti mkubwa alisema, "Tupeni tukamalizie kuzika. Mzee wetu alale akiwa mzima." Nilimwita Mama Moshi nikidhani atawafukuza. Alimvalisha yule binti glavu na miwani, akamwingiza ndani, akamwinulia kichupa chenyewe katikati ya moshi. Akamweleza polepole ni swali gani baba yake anaulizwa humo, na kwamba hajalijibu bado. Yule binti alitoka anafuta miwani ambayo haikuwa na ukungu. Akawaambia nduguze, "Mwacheni mzee, yuko kazini." Nami tangu siku ile nilipoa moyo.

Sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito. Nilimuuliza mwenyewe kama jambo hili niliruke. Akasema, "Ukiliruka hilo, utakuwa umeandika habari za mtu mwingine."

Mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno. Jioni akija kumchukua husimama dirishani kwangu: "Shemeji, niitie mke wangu wa friji. Yeye baridi, mimi moto, ndiyo maana ndoa haijaharibika." Akaanza kukonda. Akavimba shingoni, chini ya taya, akadhani ni jino. Haikuwa jino, ilikuwa saratani ya tezi. Siku ya kukatwa kipande, nesi alimletea karatasi ya utafiti, naye akacheka mpaka akakohoa. "Yaani hata nikifa ananiweka mtungini? Huyu mwanamke hataki nitoroke kabisa." Akasaini. Kichupa chake mkewe alikipokea kama vya watu wengine, akakibandika namba, akakizamisha. Halafu akakaa kwenye kiti cha plastiki. Siku hiyo hatukusikia wimbo.

Dawa zilimpa nafuu kwa muda, kisha ugonjwa ukarudi na hasira. Alifia wodini kwetu, ghorofa ya juu, mkewe akiwa chini kwenye mitungi. Simu ililia kwangu, na mimi ndiye niliyegonga mlango. Alinitazama usoni. Alirudisha mfuniko, akaubana vizuri, akavua glavu moja, akavua ya pili, ndipo akapanda ngazi.

Alikwenda kuzika na kukaa msiba. Mitungi aliachiwa fundi wetu wa darubini, yule tunayemwita Bwana Lenzi, mtu mzima mwenye wajukuu, makini kuliko sisi sote. Mwenyewe ameniambia niandike wazi, nisimfiche.

Naitrojeni hupimwa kwa kijiti cha mbao. Unakitumbukiza mtungini, unakitoa upesi, unakipunga hewani. Sehemu iliyozama inaota ukungu mweupe, na ukungu ulipoishia ndipo naitrojeni ilipofika. Lakini ukikiacha ndani muda mrefu, baridi inapanda na mti, na ukungu unaota hata pale ambapo naitrojeni haijafika. Bwana Lenzi, kwa ule umakini wake, hakutaka kufanya haraka. Alikuwa anakiacha kijiti mpaka moyo wake uridhike. Kila alipokitoa kilikuwa cheupe mpaka juu. Basi akaona mitungi imejaa, akamshukuru Mungu, hakuongeza kitu. Kengele ya hatari ilikuwa imekufa siku nyingi, tukisubiri kifaa chake kiletwe.

Mama Moshi alirudi kazini macho yakiwa bado mekundu. Alisalimia, akaingia, akatumbukiza kijiti, akakitoa. Kisha nikasikia, "Bwana Lenzi, njoo hapa, baba." Alimwita kwa upole, na upole huo ulinitia baridi kuliko angepiga kelele.

Mitungi yote miwili ilikuwa imebaki na kidogo sana chini. Kiwanda kinachotuuzia naitrojeni kikasema mashine yao imeharibika, gari haliji wiki ile wala inayofuata. Profesa, mkuu wa idara, akapiga simu kila mahali mpaka sauti ikakauka. Hospitali moja ikatupa walichoweza kujinyima, dumu moja la chuma. Mama Moshi akalipima kwa macho. Lingetosha kuuvusha mtungi mmoja mpaka gari lije. Ukigawa nusu kwa nusu, inakufa yote miwili.

Profesa alikaa kwenye kile kiti cha plastiki. Mtungi wa tezi ulikuwa kazi yake tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mtungi wa watoto ulikuwa karibu kutoa jibu, na wodini juu kulikuwa na watoto waliokuwa wanalisubiri bila kujua wanalisubiri. Aliinamisha kichwa, akasema, "Wa watoto."

Katika mtungi wa watoto kulikuwa na nafasi chache tupu. Vichupa vichache vya tezi vingeweza kuhamishiwa humo vikapona. Mama Moshi akavaa glavu, akashika koleo. Profesa akamwambia, "Dada yangu, anza na cha mzee wako. Hapa hakuna atakayeuliza."

Bwana Lenzi akadakia huku analia kama mtoto, "Kiweke, Mama. Nakuomba. Nitasema ni mimi niliyekiweka."

Mama Moshi alisimama pale na koleo mkononi, moshi mwembamba ukimzunguka. Akasema, "Humu kuna vichupa vya watu walio juu hapo, leo hii wanatundikiwa dawa. Ugonjwa ukiwarudia, daktari atalinganisha na nini? Mzee wangu nimeshamzika. Nikimweka yeye, mnataka nimtoe nani?"

Akaanza kuhamisha, vya walio hai tu. Nafasi ya mwisho ilikwenda kwa mama mmoja muuza mboga aliyekuwa kitanda cha karibu na mlango, ambaye hakuwahi kujua habari hii na mpaka leo anapita dirishani kunisalimia. Dumu lote likamiminwa mtungi wa watoto. Cha fundi wa kuchomelea kikabaki na vya wenzake.

Mtungi haufi siku moja. Kila asubuhi Mama Moshi aliupima ule wa tezi kama kawaida, akatoa kijiti, akakitazama, akakifuta. Moshi ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukaisha. Gari la kiwanda lilikuja baadaye, likatukuta tumeshafiwa.

Kanuni inasema sampuli zilizoharibika zipikwe kwenye mashine ya mvuke, kisha zichomwe. Tulimwomba amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Akasema, "Niliwapokea mimi." Tulisimama mlangoni tukijaribu kujua kipi ni cha mumewe. Hatukujua. Vyote alivishika namna moja.

Profesa alitaka kuziandikia familia barua. Mama Moshi akamwambia barua haiulizwi swali. Basi wakaenda wote wawili, na gari la idara, nyumba kwa nyumba. Kuna mlango uliofungwa mbele ya nyuso zao. Kuna baba mmoja aliyewaambia, "Mmemuua mwanangu mara ya pili." Nilimuuliza Mama Moshi alijibu nini. Akasema, "Nilimwambia ndiyo, baba. Ningemwambia nini?" Yule binti aliyewahi kuvaa miwani yetu aliwapa maji ya kunywa, mwishowe akasema mzee wake amefanya kazi ya kutosha, apumzike sasa. Kwa Mama Moshi hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Alirudi akafunga mlango wa chumba chake, na safari hii alilia kwa sauti, nami nikaacha dirisha langu nikaenda kukaa naye. Wateja walisubiri.

Uongozi ulitaka kumfukuza Bwana Lenzi. Mama Moshi akasimama mkutanoni na kusema, "Nilimfundisha kutumbukiza. Kutoa sikumfundisha. Nilikuwa na haraka, mgonjwa wangu alikuwa juu." Akaketi. Bwana Lenzi yuko nasi hadi leo, ila chumba cha mitungi hawezi kukiingia. Akifika mlangoni hugeuka akarudi kwenye darubini zake.

Mnataka kujua kama ilifaa. Hata mimi nilimuuliza Profesa hivyo. Mtungi wa watoto ulijibu. Waliamsha chembechembe za watoto ambao dawa iliwaangusha mapema, wakaona zina alama ambayo za wenzao hazina. Siku hizi mtoto akiletwa, uboho wake unatazamwa alama hiyo kwanza, na akikutwa nayo anabadilishiwa dawa toka mwanzo. Wapo wanaokwenda nyumbani ambao zamani tungewasindikiza njia nyingine. Sitawadanganya kwamba wanapona wote. Jumatatu hii tumempoteza mmoja, aliyekuwa ananichorea paka kwenye bahasha zangu. Lakini wapo.

Utafiti wa tezi ulirudi darasa la kwanza. Profesa amekusanya wagonjwa wapya, na itabidi wafuatiliwe miaka mingi ndipo maswali yaanze kupata majibu. Mwenyewe anasema hatakuwepo siku hiyo. Mtungi wa tezi leo umefika nusu ya vichupa. Vyote vimepita mikononi mwa Mama Moshi, baada ya yale yote. Alirudi kuujaza ule ule uliomnyang'anya, na wimbo ukarudi, ingawa sasa anauimba kwa sauti ya chini.

Mama Moshi, kwa niaba ya wote uliowalinda wakiwa wamelala, na sisi tulio macho, asante. Unasema unakwenda kuishi kwa binti yako na kwamba utajifunza kusafiri bila kutazama saa. Mungu akupe usingizi usiokatwa na simu, akupe majirani wema, na jua la asubuhi la kutosha kuitoa baridi ya miaka thelathini na moja kwenye mifupa yako. Siku utakayokutana na fundi wako, mwambie shemeji yake wa dirishani anamsalimu.

Ndugu msomaji, ninalo ombi moja. Nafasi yake haijapata mtu. Imetangazwa mara mbili. Wanaokuja wanatazama mitungi, wanauliza kuhusu Jumapili na sikukuu, wanaaga kwa adabu. Baada ya tarehe thelathini Mama Moshi haruhusiwi tena kuingia chumbani mle, hata kama msaidizi, kwa sababu ya mambo ya bima. Ukimwacha Bwana Lenzi, aliyeshika kijiti hicho akiwa naye bega kwa bega hayupo hata mmoja. Leo mitungi yote miwili imejaa naitrojeni. Kesho itakuwa imepungua.

Kama wewe unayesoma hapa unaiweza kazi hii, au una dada, mkwe au jirani mwenye mkono uliotulia na asiyeogopa kuitwa kazini siku ya mapumziko, niandikie, nipigie, au njoo dirishani kwangu. Mshahara si mkubwa, sitakudanganya. Ila tafadhali nijibu mapema, wiki hii ikiwezekana, angali yupo wa kukuonyesha.